Kovu la Pili

Kidole gumba changu kiliijua kabla yangu. Nilikuwa nimesimama chumba cha nyuma cha duka la Manang Choleng, pale Pagadian, mji wa bandari wa kusini, katikati ya mafungu ya kamba na nyavu. Juu ya meza alikuwa ametandika kitambaa cha kijani, na juu ya kitambaa bastola mbili. Zilifanana kama mapacha waliovalishwa na mama mmoja. Moja ilitoka Marekani, ikiwa na sanduku lake, mafuta yake na karatasi zake. Nyingine ilikuja imefungwa kwenye gazeti.

"Chukua ya sandukuni," alisema Don Melecio, tajiri wangu wa mbata. "Nalipa mimi. Barabara ya kule juu unajua ilivyo siku hizi."

Nilijua. Mlinzi aliyekuwa akikaa kwenye kiti changu cha lori kabla yangu alirudishwa mjini amefunikwa turubai. Bastola yake ilikuwa ya kunakili, na ilikwama.

Nikainyanyua ile ya gazetini kwa adabu tu, kama unavyomsalimia ndugu maskini kabla ya kwenda kukaa na yule mwenye gari. Gumba likateleza ubavuni, juu kidogo ya kifyatulio, likakuta kovu dogo mfano wa punje ya mchele. Hilo nililijua. Nilipokuwa kijana nililiona likitiwa kwenye bastola nyingi. Gumba likaendelea kurudi nyuma, likakaribia mpini.

Likakuta kovu la pili. Lilikuwa na umbo la ukucha.

Nikaiweka chini. Nikaiokota tena.

"Vipi, imekuuma?" akauliza Manang Choleng.

Karakana ya Nong Basyo, aliyenifundisha ujanani kunakili bastola, ilikuwa ndani ya banda la nguruwe, kwenye vilima vya juu ya Danao, kisiwani Cebu. Ukipita njiani ungesikia nguruwe, na ukitega sikio vizuri, chini ya nguruwe ungesikia tupa. Chuma tulikitoa kwenye ekseli za malori yaliyokufa. Tulikuwa na jiriwa tatu, msumeno, kinoo cha mawe kilichokaa mlangoni, na mikono. Mvua ikinyesha tulipiga kazi kwa nguvu zaidi, kwa sababu mabati yalitufichia kelele.

Na tulikuwa na bastola ya asili, ile tuliyoinakili. Afisa mmoja wa Kimarekani aliiacha baada ya vita, nasikia aliibadilisha kwa jogoo. Iliishi ndani ya sanduku la sabuni, imeviringishwa flana, na ilitoka tu wakati wa kulinganisha. Tuliiita Baba. Kovu la punje ya mchele lilikuwa lake; hakuna aliyejua alilipatia wapi. Nong Basyo alilinakili kwenye kila bastola iliyotoka mikononi mwetu, kwa patasi ndogo, akiwa ameshikilia pumzi. Siku moja nikamuuliza kwa nini tunapoteza muda kukijeruhi kitu kizima.

"Imo, mimi darasa la pili sikulimaliza," alisema. "Sijui kipi kina kazi na kipi hakina. Nikianza kuchagua, nimekwisha."

Jiriwa ya pili ilikuwa ya binti yake, Senda. Mimi nilikuwa kwenye ya tatu. Wiki yangu ya kwanza alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Wewe unapiga tupa kama mtu anayejikuna upele." Alikuwa fundi kunishinda na hakujisumbua kunificha hilo. Alikuwa mfupi, mabega yake yamejaa, na vumbi la chuma lilimkaa kwenye nyusi mpaka jua likimpiga zinameta. Nimeona mengi ya kumeta baada ya hapo. Nilisafiri na mtu aliyebeba lulu mfukoni. Haikuwa vile.

Bastola ilijaribiwa na aliyeitengeneza. Tulisubiri saa sita mchana, machimbo ya mawe yalipolipua baruti, ili mlio upotelee ndani ya mlio. Na ilijaribiwa kwa mkono wa kushoto. Chuma cha ekseli kina siri zake. Kikiamua kupasuka, afadhali kiondoke na mkono usio wa kazi. Ndiyo maana mafundi wa kilima chetu ungewatambua popote kwa mkono wao wa kushoto. Nong Basyo alibaki na vidole vitatu upande huo, na kikombe chake cha tembo la mnazi alikishika kwa hivyohivyo vitatu, kwa madaha.

Senda alipoanza bastola yake ya kwanza ya peke yake, kuanzia mtutu hadi mpini, nilimwambia, "Hiyo nitaijaribu mimi."

"Kwani wewe vidole vimekuzidi?"

"Vimenizidi."

Akaacha kupiga tupa. Baba yake alikuwa nje akiwamwagia nguruwe makombo. "Basi subiri niimalize," alisema, "bwana mwenye vidole." Akainamia tena kazi yake, na siku ile nzima hakunitazama, wala mimi sikuhitaji anitazame.

Hakuimalizia mbele yangu. Asubuhi moja ya mvua filimbi ililia chini ya kilima: askari wanapanda. Kila mtu alijua kazi yake. Tukainua mbao za sakafu ya banda, tukatumbukiza vyuma chini, na mimi nikakabidhiwa Baba, nikamkumbatia kama mtoto wa ubatizo. Lakini nguruwe jike mkubwa alikuwa amesimama juu ya ubao wa mwisho na hataki kutoka. Senda alikuwa anamsukuma makalio kwa mabega yote mawili, tope mpaka shingoni.

"Sogea basi, mama mkwe!" akamfokea.

Nikacheka. Baba akateleza kwenye flana, akaangukia kinoo.

Askari walipita, wakala kuku wetu wawili, wakashuka. Nong Basyo akaitoa ile bastola kwenye shimo, akaifuta, akaweka gumba kwenye kovu jipya, akaliacha pale muda mrefu.

"Umenijeruhia baba yao wote," alisema. Heri angepiga kelele.

Kisha Senda, akijikwangua tope kwenye viwiko, akasema, "Basi itabidi tulinakili na hili."

"Ujinga wa huyu niunakili?"

"Si unasema sisi hatuchagui?"

Mzee alimtazama binti yake, akanitazama mimi, akaifunga Baba kwenye flana. Mchana ule ule habari ikapanda kilimani: jirani aliyekamatwa ametaja majina, na la Imo limo. Kulikuwa na mashua ya mbata inayoondoka kwenda kusini. Senda alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba la mahindi. "Wiki mbili tatu," alisema, kama mtu anayekutuma chumvi.

Wiki zikawa meli. Nilipika kwenye meli za magogo, nikachimba dhahabu nikatoka na kikohozi, nikalinda maghala, nikauza samaki kule Jolo. Shule yangu ya vipande vipande niliimalizia kwenye magazeti ya kufungia samaki hao. Salamu nilituma mara moja, kwa baharia wa Cebu. Sijui alizifikisha au alizinywa. Mwanzoni niliwaogopa askari. Baadaye askari wale walizeeka, na mimi nikaanza kuogopa kitu kingine: kufika pale bandani, mtu akainua uso kutoka kwenye jiriwa, akaniuliza, wewe nani?

Hivyo ndivyo nilivyofika Pagadian nikiwa na mvi, na kovu la pili chini ya gumba langu.

"Anayezileta hizi ni nani?" nikauliza.

"Mama mmoja mfupi wa Danao," alisema Manang Choleng. "Ulimi wake na tupa yake ni kitu kimoja. Mkono wa kushoto hana kidole cha mwisho."

"Ana mume?"

"Noy Imo, umekuja kununua bastola au kuposa?"

Don Melecio akacheka, kisha akaacha. "Mzee, nakupa farasi unatazama punda. Ile ikikwama kule juu, mkeo nitamwambia nini?"

"Sina mke."

"Basi ndiyo maana."

Nikasema nachukua ya gazetini. Manang Choleng akaniuliza kama nataka kuijaribu kwanza, nyuma kuna magunia ya mchanga.

"Imeshajaribiwa," nikasema.

Nilipanda nayo kwenye lori majuma kadhaa. Haikupata kazi; barabara ilikuwa na tope tu na watoto wanaouza ndizi. Lakini nilikuwa nayapapasa makovu yake. Dereva alidhani nina wasiwasi wa majambazi. La kwanza, la pili. La kwanza, la pili. Pengine Senda hana maana yoyote, nilijiambia. Pengine ni kawaida ya karakana: baba alisema hatuchagui, na binti hachagui. Anatia kovu lile bila kukumbuka lilitoka wapi, kama tusivyojua la kwanza lilitoka wapi. Mtu anaweza kunakili maisha yake yote bila kumfikiria aliyeangusha.

Siku moja nikachukua jiwe, nikaipiga kovu la tatu, karibu na lile la pili. Nikampelekea Manang Choleng. "Mwambie fundi ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Ataiona."

Don Melecio hakukubali nipande mikono mitupu, akaninunulia ile ya sandukuni. Sitasema uongo: ilikuwa kitu kizuri. Kila kipande kilijua mahali pake, na ukiikoki ilitoa sauti ya mlango wa tajiri ukifungwa. Ningeweza kufa na chochote mkononi isipokuwa hiyo. Hiyo isingekubali nife. Lakini gumba langu liliteleza kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kukutana na mtu. Nilikaa nayo msimu mzima wa mvua namna hiyo, kama mgeni kwenye nyumba iliyofagiliwa vizuri.

Mvua zilipokatika Manang Choleng akaniita. Bastola ilikuwa imerudi, imefungwa gazeti jipya. Nikalifungua mbele yake. Gumba likapata punje ya mchele. Likapata ukucha. Mahali pa kovu la tatu palikuwa laini. Palikuwa pamejazwa chuma, pamepigwa tupa, pamepakwa rangi, na hata nilipopageuzia kwenye mwanga sikuona chochote.

Nadhani nilikaa chini. Najua Manang alinisogezea kreti.

"Ametuma maneno," alisema, "na mimi nayasema kama alivyoyasema, usininunie. Amesema: mwambie huyo, sisi hatunakili makovu ya kuletewa. Tunanakili yaliyoangukia kwetu. Kama anataka la tatu, aje aangushe mwenyewe."

"Alikuwa amekasirika?"

Akafikiri. "Alikuwa anacheka. Lakini alinirudisha mara mbili nirudie maneno, nisije nikakosea."

Don Melecio nilimrudishia ya sandukuni na mafuta yake na karatasi zake. Akaniuliza hiyo nyingine je. Nikamwambia hii ina safari. Aliitazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Mashua ya kwenda kaskazini ilikuwa imejaa watu, mbata na majogoo. Bastola ilikuwa miguuni pangu, ndani ya mfuko wa samaki wakavu. Tulipouacha mlango wa bandari nilitoa mkono wa kushoto mfukoni, nikauweka juu ya goti, nikautazama. Ulikuwa na vidole vyake vyote vitano, vizima kabisa, na hakuna hata kimoja kilichowahi kufanya kazi niliyomwahidi Senda.