Elfu Sabini na Moja

Waume wa wenzangu walipenda bao. Wangu, Mwalimu Pandu, alipenda namba tasa, zile zisizogawika ila kwa moja na kwa zenyewe. Wiki nzima aliigawa 70,001 ubaoni: kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, kwa saba. Alipofika 263 akaweka chaki chini.

"Basi. Kingekuwapo kigawo kikubwa kuliko hiki, mwenzake angekuwa mdogo, na huyo tungeshakutana naye."

"Na faida yake nini?" nikamuuliza, wali unaniungulia.

"Siku yangu ikifika, msinisomee tahlili elfu sabini kama watu wote. Ongezeni moja. Elfu sabini inagawika ovyo. Hii, ukumbi wetu ujae watu wangapi, haigawiki sawa. Lazima ibaki ya ziada. Ya kwangu isome wewe, Tabia."

Nikamwambia aache uchuro.

Januari 1964, wiki ya mapinduzi, alitoka asubuhi kwenda mtaa wa Malindi kumtazama rafiki yake, hakurudi. Hatukuletewa maiti wala habari. Miaka saba, mimi na mama yake, Bi Mwanapili, tulikataa katakata aitwe marehemu. Mgeni aliyeteleza ulimi hakumaliza chai yake nyumbani kwetu.

Mwisho ndugu yake, Makungu, akaja. "Shemeji, mtu anahitaji dua. Tumsomee."

Nikakubali shingo upande, kwa sharti la wasia: elfu sabini na moja.

Wanawake thelathini na tano wakajaa ukumbini na tasbihi zao, kila mmoja akasoma tahlili, La ilaha illa Llah, mara elfu mbili. Walipomaliza, Bi Kidawa aliyeongoza kisomo akanigeukia.

"Imebaki moja, Tabia. Yako."

Nikaiweka tasbihi yangu chini. Hesabu yangu nilikuwa nshaipiga zamani. Bila ile moja kisomo hakijatimia, dua ya kufunga haiombwi, na Pandu hajafa. Wangekaa hapo mpaka Kiyama, mimi sifungui mdomo.

Chakula kikapoa. Wanawake wakatazamana. Hakuna aliyethubutu kunisomea, kwa sababu wasia ulinitaja mimi.

Bi Mwanapili, aliyekaa ubavuni kwangu, akanishika mkono. Nikafarijika, nikajua tuko pamoja.

"Isome, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nshachoka. Miaka yote hii nnamngoja kwa ajili yako."

Nikamtazama. Nami miaka yote hiyo nilikuwa nikimngoja kwa ajili yake. Nikatamani anisaidie hata nusu ya maneno yale, lakini yalikuwa yangu peke yangu.

Nikaisoma.

Bi Kidawa akainua mikono, akamwombea marehemu Pandu. Wa kwanza kuitikia amina alikuwa mama yake.