Maji ya Miaka Kumi na Miwili Ijayo

Saa tatu na robo asubuhi, modeli ya kutabiri hali ya bahari ilipofika miaka kumi na miwili mbele, kompyuta ya Bi Grafu ilianza kuvuja maji ya bahari. Alisogeza kikombe chake cha chai, akaweka ndoo chini ya meza, akaendelea kusoma namba.

Kwa miaka tisa modeli hiyo haikuwahi kuvuja. Mkurugenzi, alipokuwa bado mtaalamu wa kawaida, aliingiza ndani yake mstari mmoja wa amri: tindikali ya bahari ikizidi kiwango fulani, irudishwe kwenye kiwango hicho hicho. Alidai ni kuzuia programu isikwame. Basi hewa ya ukaa ikapanda kila mwaka, bahari ikainywa, na grafu ya tindikali ikalala usingizi wa pono. Juzi, Bi Grafu aliufuta mstari huo.

Kwa kuiamini grafu hiyo, familia arobaini zilikuwa zinahamia ghubani kufuga chaza, na ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya dada yake Bi Grafu. Maji yale ndooni yalikuwa na tindikali kiasi kwamba hata chaza mmoja mchanga asingeweza kujenga gamba.

Mkurugenzi alikuja, akainama kutazama. Matone yalimrukia kifuani, na vifungo vya shati lake, ambavyo vilikuwa vya gamba la chaza, vikayeyuka kimoja kimoja.

"Rudisha ule mstari," alisema, ameshikilia shati.

"Bosi, ule mstari ni uongo."

"Waziri ameshatangaza mradi. Nikamwambie kompyuta inavuja?"

"Mpelekee ndoo."

Mkurugenzi aliomba vibanio vya karatasi, akafunga shati, akaurudisha mstari mwenyewe na kusaini ripoti. Maji hayakutii amri, yaliendelea kutiririka. Huyu ndiye aliyewafundisha nusu ya ofisi kemia ya bahari. Hakuwa mjinga. Mjinga angesameheka.

Saa nane dada mtu alifika, akiwa na chaza mchanga kwenye kitambaa kibichi. Alimtumbukiza ndooni. Gamba likaisha kama sukari kwenye chai.

"Mdogo wangu, umejua lini?"

"Juzi."

"Na huyo bosi wako?"

"Miaka tisa."

Dada alikung'uta vidole. "Nyumba ya huku nimeshakabidhi. Watoto wameshaanza shule huko ghubani." Akaibeba ndoo hadi ofisi ya mkurugenzi, akaimimina yote juu ya meza. Ripoti ilikuwa imetumwa tangu saa sita, na mfagiaji akaitwa kukausha.

Ofisi ilinunua ndoo kubwa zaidi. Mfagiaji huimwaga kila siku saa kumi, na mkurugenzi siku hizi huvaa jaketi za zipu.

Miaka kumi na miwili ilifika kwa wakati wake. Familia zote arobaini zipo ghubani. Kila Jumatatu dada huja na chaza wa wiki ile na kumweka juu ya meza ya katibu muhtasi, anayepokea malalamiko. Utaratibu unataka kila kinachowasilishwa kigongwe muhuri wa "Imepokelewa." Kwa kuwa chaza hana gamba, muhuri hugongwa kwenye nyama.