Wiki Nne za Mikono Mfukoni

Naapa kwa macho yangu mawili na kwa jino langu la dhahabu kwamba haya yalitokea vilevile ninavyoyasimulia. Sikutia chumvi, sikupunguza. Mimi Amilcare nilikuwapo. Nyumba yangu na ya Ulderico zinachangia ukuta mmoja, na miaka thelathini na minane tulifanya kazi ghala moja la jibini hapa Modena, yeye akiyagonga magurudumu ya jibini kwa kinyundo chake na kusikiliza kama ndani pameiva sawasawa, mimi nikiyapangusa na kuyageuza. Sikio lake lilikuwa kali hata akigonga gurudumu moja anakuambia ng'ombe aliyetoa maziwa yale alikuwa na kinyongo na nani. Kwa hiyo mtu asinibishie.

Siku ambayo binti yake wa pekee, Ornella, anayeishi naye nyumba moja, alirudi kutoka India na mumewe Tiziano na mtoto wao Malti, wa miaka minne na miezi miwili, Ulderico alivaa suti ya harusi yake tangu alfajiri. Ilikuwa mwezi wa tatu, na ukungu ulikuwa bado haujatoka mashambani. Mtoto wa kuasili walikuwa wamemngoja miaka sita, karatasi juu ya karatasi, mahakama juu ya mahakama, mpaka Ulderico akawa anawaambia watu baa kwamba faili la mjukuu wake ni zito kuliko mjukuu mwenyewe.

Malti aliteremka garini, akawatazama watu wote mmoja mmoja, akatabasamu. Kisha akamwendea Ulderico moja kwa moja na kuinua mikono abebwe. Mtu ambaye aliwahi kuangukiwa mguuni na gurudumu la kilo arobaini asitoe hata sauti, siku hiyo alilia mpaka tai ikalowa.

Jumapili yake wakaja ndugu wote. Mezani tulikuwa ishirini na mmoja. Huku kwetu mgeni hasalimiwi, analishwa, na Nives, mkewe Ulderico, alikuwa amekesha siku mbili akikunja kapeleti, vile vikofia vidogo vya unga vyenye nyama ndani, za kutosha kulisha kikosi cha jeshi. Malti alipita paja hadi paja kama kikopo cha chumvi. Shangazi huyu kijiko, mjomba yule tonge, na yeye kila mkono anaufungulia kinywa na kuutabasamia. Ulderico alivimba kwa fahari. Akasema mtoto huyu hana ugeni hata chembe, ni wa kwetu kabisa. Akamkatia kwa kisu chake kipande cha jibini ya miaka mitatu, ile ambayo hata askofu alipopita aliambiwa imekwisha.

Nives ndiye aliyegundua kwamba Ornella hayupo mezani. Ulderico akamfuata jikoni. Alimkuta ameinamia sinki, bomba limefunguliwa, maji yanakwenda bure. Mzee akadhani ni machozi ya furaha. Akamwambia asilie, mtoto amempenda kila mtu.

"Ndiyo, baba," Ornella akasema. "Kila mtu. Na mimi ni mmoja wa hao kila mtu."

Ndipo akamweleza. Kule nyumba ya watoto alikolelewa Malti, wanawake waliingia kwa zamu na kutoka kwa zamu, na mtoto alikuwa amejifunza kwamba ukitabasamu kijiko kinakuja. Anayekishika kijiko ni nani, hilo halikuwa na maana, maana kesho hayupo. Malti angeweza kuondoka kesho na mleta barua na asigeuke nyuma. Mama mmoja wa ofisi ya kuasili watoto alikuwa amewaonya: mtoto wa namna hii akilishwa na mikono ishirini, ataishi na watu ishirini na hatakuwa na mama. Ornella alikuwa ameona aibu kuyasema hayo mbele ya meza ambayo mama yake ameikeshea.

Ulderico alisimama pale akiwa bado ameshika kisu chake cha jibini. Kile alichokuwa akijivunia tangu asubuhi ndicho kilichokuwa kinamliza binti yake.

Jioni, kabla watu hawajavaa makoti, Ornella akasimama mbele ya wote na kutoa sheria. Chakula, maji, kubebwa, kufutwa kamasi, vyote vitatoka mkononi mwake au mwa Tiziano tu, mpaka Malti mwenyewe ajue kwake ni wapi. Wengine wacheke naye, wakae naye, wamwimbie wakitaka, lakini mikono iwe mfukoni. Akija na kinywa wazi, aonyeshwe mama. Halafu akamgeukia Ulderico.

"Na wewe, baba, ndiye ninayekuogopa kuliko wote hawa."

Nives aliichukulia vibaya. Akauliza bibi asiyelisha ni bibi wa kazi gani, kwa nini wasimtie mtoto kwenye kabati la vioo kabisa, wawe wanamtazama. Siku mbili akapika viazi vya kuchemsha tu, bila siagi, ili nyumba nzima ijue amenuna. Siku ya tatu akaona njaa inamuumiza yeye mwenyewe, akapika vizuri, akampa Ornella sufuria, Ornella akampakulia mtoto. Bibi akawa anasimama mlangoni kuhesabu vijiko kwa midomo.

Ulderico yeye alitia mikono mfukoni na kweli hakuitoa. Kasisi alimsalimia kwa kiwiko. Mifuko ya suruali ilitoboka ndani ya wiki moja, Nives akaishona kwa kitambaa cha gunia. Baa tulipocheza karata alininong'oneza mimi nimtupie karata zake, na ndipo nikamshinda jioni kumi na tisa mfululizo. Wenzetu wakamuuliza polisi wamemfunga pingu kwa kosa gani. Akawajibu kwamba kosa lake ni kuwa na mjukuu, na wao walio huru wasimsumbue.

Kila asubuhi Malti alikuwa akija kusimama mbele yake, kinywa wazi kama kifaranga, na lile tabasamu lake. Ulderico akielekeza kidevu upande wa Ornella. "Mama yule pale." Malti akizidisha tabasamu, akimshika goti, akiinamisha kichwa pembeni. Kutabasamiwa namna ile na ukabaki umeshika mifuko yako si mchezo. Jasho lilimtoka mzee kuliko enzi za ghalani.

Lakini ya Ornella ndiyo yaliyokuwa yakimfunga mzee mdomo, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa na mtu. Binti huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, mkali, anayependa kitu kiwe mahali pake. Sasa alikuwa akikuta vipande vya mkate ndani ya foronya ya Malti, ndani ya viatu, nyuma ya redio. Hakukitoa hata kimoja. Alinunua kikapu kidogo, akakitundika usawa wa kifua cha mtoto, akatia mkate, na akawa anakijaza kabla hakijafika nusu, asubuhi, mchana, jioni. Na mezani, siku Malti alipougeuza uma na kuutazama kama mtego wa panya, Ornella aliweka wake chini, akatia mkono kwenye sahani ya wali, akala hivyo mbele ya mama yake na mbele ya kitambaa cheupe cha meza cha marehemu bibi yake. Wali ulimdondoka mpaka kwenye mikono ya sweta, maana hajui. Malti akamshika vidole akamwonyesha jinsi ya kufinya tonge.

Wiki ya tatu mambo yakaharibika. Malti akaanza kumtupia Ornella wali. Akampiga teke la ugoko. Akivalishwa koti anajikunja kama samaki, na siku moja alirusha kichwa nyuma akampasua mama yake mdomo. Dakika hiyohiyo mleta barua akagonga mlango, na Malti akamwendea na tabasamu zuri, akamshika mkono. Ulderico akaona basi, imekwisha. Akamfuata binti yake, akamwambia kwa upole wote alionao kwamba sheria yake inamfukuza mtoto, kwamba kabla ya sheria angalau alikuwa akimchekea.

Ornella alikuwa amekandamiza barafu mdomoni. Akaitoa.

"Baba, umewahi kumwona amemkasirikia mtu mwingine?"

Ulderico akafikiri. Akapitisha kichwani ndugu wote, majirani, mleta barua, mimi.

"Hapana."

"Basi. Hasira zake zote ananiletea mimi. Sijui kama ni kunipenda, ila kuna kitu amenichagulia mimi peke yangu."

Akarudisha barafu mdomoni, akaenda kuokota wali sakafuni. Ulderico alikuja kwangu akakaa kwenye kiti cha jikoni bila hata kuvua kofia. Miaka thelathini na minane, akaniambia, nimekula mshahara kwa kusikiliza kwa nje nijue ya ndani, na hili sikulisikia. Nilimmiminia divai. Ilibidi nimshikie glasi, kwa sababu mikono aliiacha mfukoni.

Ikaja Jumapili ya nne. Nyumbani walikuwa wao tu, nami nilikuwa nimeegemea ukuta wa ua ulio kati yetu nikivuta kiko. Ornella alikuwa anaanika shuka uani. Tiziano alikuwa amekwenda kuchukua mkate. Nives mlangoni, Ulderico kwenye benchi lake kando ya ngazi, na Malti anapanda na kushuka ngazi amevaa mabuti ya bibi yake yanayomfika mapajani. Buti moja likateleza. Akaanguka kifudifudi kwenye jiwe, magoti yote mawili na kidevu, na damu ikatoka.

Mpaka siku hiyo hakuna aliyewahi kumsikia mtoto yule akilia kwa kuumia. Alikuwa akianguka, anainuka, anatabasamu. Kule alikotoka kilio kilikuwa hakimleti mtu, akaacha kukipoteza.

Aliinua kichwa. Mtu wa kwanza mbele yake alikuwa Ulderico, umbali wa mkono mmoja. Mikono ya mzee ilikuwa imeshatoka mfukoni yenyewe, imemfikia karibu na mabega. Na Malti akaanza kulivuta lile tabasamu, kidevu kinachuruzika damu. Nives akafumba macho. Ng'ambo ya ua, Ornella aliangusha shuka kwenye tope, akachuchumaa na kumwita jina lake mara moja tu.

Ulderico akarudisha mikono. Nilimwona akiisukuma humo kama mtu anayemrudisha paka ndani ya gunia, ngumi zimekunjwa, uso umekuwa mwekundu, na kwa kidevu akaonyesha: yule pale.

Tabasamu la Malti likavunjika katikati. Mdomo ukatetemeka, ukafunguka, na kikatoka kilio kilichoangusha vigae vitatu vya paa langu, na mji mzima wa Modena ukatoka nje kuangalia. Akainuka na buti moja mguuni. Akakimbia ua mzima, mita hamsini si haba, akapita chini ya shuka saba, akamruka bata bukini hewani, akampita babu yake bila kumtupia jicho, akajitupa kifuani kwa Ornella, akalia hapo robo saa akimpiga ngumi na kumng'ang'ania shingo kwa wakati mmoja. Ornella alimshika kisogo, akakaa naye kwenye tope, juu ya shuka safi.

Ulderico alibaki kwenye benchi na mikono yake mfukoni, machozi yanashuka na hana cha kuyafutia. Sijawahi kuona mtu aliyeachwa akawa na furaha namna ile.

"Amenipita," akaniambia juu ya ukuta. "Amilcare, umeona alivyonipita?"

Hapo ndipo nilipotaka kuishia. Lakini Ornella alisema kwa kuwa majina ni yao, lazima asome kwanza. Jumapili hii, watu wakiwa bado mezani, alikaa na karatasi zangu jikoni, Malti kwenye mapaja yake akitafuna ganda la mkate na kunitazama kama hakimu msaidizi. Alisoma mpaka karibu na mwisho. Kidole kikasimama.

"Mjomba Amilcare. Mita hamsini?"

Nikasema ni kama hizo, zaidi au pungufu.

"Ua wetu wote haufiki mita kumi na mbili. Na huyo bukini alikuwa bandani. Na shuka zilikuwa mbili, moja nimeiangusha mwenyewe."

Akanitoa nje kwa mkono wa shati, na nusu ya meza ikatufuata na glasi zao. Akamsimamisha Malti kwenye lile jiwe, yeye akaenda kuchuchumaa pale alipokuwa siku ile, akamwita. Malti alidhani ni mchezo. Akaja. Hatua sita. Watu wote wakahesabu, na Ulderico, msaliti, ndiye aliyehesabu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nikajitetea kwamba hadithi inataka nafasi ya kukimbilia. Ornella akasema vigae anavisamehe, bukini pia anamsamehe.

"Lakini hatua niandikie sita. Kila moja ninaijua. Usiniongezee hata moja."

Basi naandika hapa: hatua sita. Adhabu ilitolewa palepale na Nives, bila rufaa: vyombo vyote vya watu ishirini na mmoja, peke yangu, na mtu asiniguse kwa msaada. Ulderico ameketi nyuma yangu jikoni na kunielekeza kwa kidevu wapi pamebaki mafuta. Sahani nimemaliza. Sufuria ya supu Nives ameikagua kwenye mwanga wa dirisha, amesema haijatakata, na ameirudisha majini.