Magdaline Akataa Chai

Lori lilisimama nje ya ukumbi saa tisa mchana, Magdaline na Kabura wakiwa katikati ya dansi yao ya pili. Ilikuwa Jumamosi, Agosti 1969, mjini Nyeri. Kundi lao lilikuwa na watu kumi na mmoja, walimu na makarani ambao hawakulipwa na mtu yeyote, na kwa miezi mitatu walikuwa wakijiandaa kuonyesha mchezo wa nyimbo na dansi. Waliucheza kwa viatu vilivyopigiliwa vyuma kwenye soli, mbele na kisiginoni. Wahome, karani wa mahakama aliyejifunza dansi hiyo alipokuwa akisoma Uingereza, ndiye aliyewafundisha. Wote wakigonga mbao kwa pamoja, wanawake wa sokoni waliacha mizigo yao wakaja kuchungulia.

Wanaume wanne waliingia na marungu.

"Tumekuja kuwapeleka chai," akasema mkubwa wao, mtu mnene aliyevaa koti la mvua.

Peterson, mpiga piano wao, akaacha kupiga. Hakuna aliyeuliza ni chai gani. Mwezi huo wote watu walikuwa wakibebwa kwa malori kwenda kuapishwa kwamba serikali haitatoka mikononi mwa kabila lao. Waliokataa walirudi na mbavu zimevunjika. Wengine hawakurudi.

Wahome alikuwa wa kwanza kushuka jukwaani. "Twendeni tu. Tutarudi mapema."

Magdaline hakusogea. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, ameokoka, na wiki mbili kabla alikuwa amesimama kanisani akasema mbele ya wote kwamba hatakula kiapo cha mtu.

"Mimi siendi."

"Mwalimu, usituletee shida," Wahome akasema bila kumwangalia.

"Nyinyi nendeni. Mimi siendi."

Yule mnene akapanda jukwaani. Rungu likampata Magdaline pajani, akaanguka, vyuma vya viatu vikakwaruza mbao. Mtu yule akacheka.

"Kumbe hizi viatu ziko na kelele! Simama, utuchezee kwanza."

Akasimama. Akashika pindo la sketi, akapiga hatua mbili nyepesi, na Kabura akadhani ameshindwa, kwamba atacheza kweli. Mnene akachuchumaa ili avione vyuma vizuri. Hapo Magdaline akampiga teke la mdomo kwa nguvu zake zote.

Meno mawili yakaanguka sakafuni. Kisha wale watatu wakamrukia kwa marungu na buti. Kabura alijilaza juu yake, wakamvuta kwa nywele wakamtupa kando. Mguu wa kushoto wa Magdaline ulipovunjika, ulisikika hadi kwenye piano. Walimpiga hata alipoacha kulia. Halafu wakawapakia wengine kwenye lori, wakamwacha hapo. Wahome ndiye aliyefunga mlango.

Wanawake wa sokoni walimbeba hadi hospitali juu ya gunia.

Siku ya tatu Kabura alikuja, kitambaa kimeshuka hadi machoni.

"Nilikunywa, Magdaline. Wangeniua."

"Najua."

"Wahome hakunywa. Alikuwa ameshakunywa zamani. Alisimama upande wao, akiwasomea majina yetu."

Magdaline akageuza uso ukutani, akakaa hivyo hadi Kabura akaondoka.

Wiki iliyofuata Wahome mwenyewe alifika, na machungwa kwenye mfuko wa karatasi. Hakukaa.

"Niliwaambia wasikuguse, Mwalimu. Niliwaambia wewe ni mtu wa kanisa."

"Na saa ya mazoezi? Nani aliwaambia?"

Akatazama machungwa yake. "Walikuja kwangu mara mbili. Niko na watoto."

"Nimekuuliza nani aliwaambia."

"Ni mimi."

"Basi toka."

Mchezo ulionyeshwa Desemba. Mguu wa Magdaline ulikuwa umeunga vibaya, hauwezi kukunjwa, lakini alienda, peke yake, na gongo kwapani. Kabura alicheza sehemu iliyokuwa ya Magdaline. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba ilikuwa nzuri vile, na kwamba watu walicheka mahali pale pale alipokuwa ametegemea wacheke. Alipiga makofi pamoja nao.

Walipotoka mvua ilikuwa ikinyesha. Ngazi za ukumbi zilikuwa nane, za simiti, zinateleza. Wahome alimngoja chini, akapanda mbili, akanyoosha mkono.

"Nikushike, Mwalimu. Utaanguka."

Magdaline alimtazama. Kisha akalaza gongo kando, akaketi kwenye ngazi ya juu kwa gauni lake la Jumapili, akaanza kushuka kwa makalio, moja, kisha nyingine, mguu mbovu umenyooka mbele. Watu waliokuwa wakitoka wakasimama. Alipofika aliposimama Wahome, aliketi pale pale. Alingoja tu, mvua ikimlowesha, hadi mtu huyo akasogea kando.