Sijui Kusoma

Mama Utumbo alikuwa ameinamia beseni, anakamua kinyesi kutoka kwenye utumbo wa ng'ombe, mnyapara wa machinjio alipomjia na maagizo ya kura. Hakumsalimu. Alisimama kando asije akachafua viatu.

"Kesho ukifika kwa msimamizi, sema hujui kusoma. Umesikia?"

"Lakini baba, mimi najua."

"Nani kakuuliza? Asiyejua kusoma anawekewa alama na msimamizi, na mtu wake anamtaja kwa sauti mbele ya mawakala. Wakala wa diwani ni mimi. Ukijitia usomi ukaenda kujificha kule kibandani, unga wako umemwagika."

Machinjio yalikuwa ya diwani, aliyekuwa akigombea tena. Maji ya damu yalipita kwenye mtaro wazi nyuma ya vyumba vya wafanyakazi, na huko ndiko mjukuu wa Mama Utumbo alikookota homa ya matumbo iliyokaribia kumuua. Mama Utumbo alikuwa ameshakata shauri kumchagua muuza mkaa, mgombea pekee aliyethubutu kusema mtaro ule ufunikwe. Sasa ilibidi achague kati ya mtaro na kazi, na mjane mwenye midomo ya kulisha hana uchaguzi hapo, ana kabari tu shingoni.

Kesho yake, msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu wake mwenyewe. Huyu ndiye aliyemfundisha kusoma kwenye darasa la watu wazima, wakati wenzake walipohama dawati kwa sababu ya harufu ya mikono yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu... sijui kusoma."

"Wewe?"

"Sijui, mwanangu."

Karatasi ya kura iliwekwa mezani juu chini. Kabla hajajizuia, mkono wake uliigeuza, herufi zikakaa sawa.

Mnyapara akaguna. "Umeigeuza ya nini, bibi, na husomi?"

"Picha zilikuwa kichwa chini, baba."

Mawakala wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, ila aliendelea na utaratibu wake. Naye alikuwa na unga wake wa kulinda, tusimsingizie ushujaa.

"Haya, taja mtu wako kwa sauti, mawakala wasikie," alisema. "Ndivyo sheria inavyokulinda usiibiwe kura."

Jina la muuza mkaa lilikuwa la pili. Mama Utumbo alilisoma kimoyomoyo, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa. Kisha akafungua mdomo.

"Diwani."

Inachefua, na aliyechefuka kuliko wote ni yeye.

"Rudia," mnyapara alisema. "Wa nyuma hawajasikia."

"Diwani!"

Mwalimu alitia alama penye jina la diwani. Akaikunja karatasi mara mbili, taratibu, akiikinga kwa kiganja, kisha akampa kwa mikono miwili bila kumtazama usoni.

"Tumbukiza mwenyewe, mama. Mtu asione. Kura ni siri yako."

Aliitumbukiza. Alipogeuka kuondoka, aliyefuata mstarini alikuwa karani wa mizani wa machinjio, mtu anayeandika uzito wa nyama kutwa nzima. Alikuwa ameshavua miwani, anaificha mfukoni.