Vipara Ishirini na Saba

Jumatatu saa tatu na nusu asubuhi, kulipoanza kupambazuka, Bibi Glafira Savvatyevna alimimina chai kwenye bilauri mpaka nusu. Hakuna aliyejaza bilauri katika nyumba ile. Sakafu ilikuwa imelalia upande wa mto, na kitu chochote kilichowekwa mezani kilianza safari. Bilauri iliteleza taratibu, ikalipita kopo la sukari, ikafika ukingoni mwa meza. Bibi Glafira alinyoosha mkono bila kuangalia, akaidaka, akairudisha. Upande wa pili mjukuu wake Ustinya, aliyekuwa akipamba biskuti za sikukuu zenye umbo la paa na sili, alilidaka bakuli lake la sukari ya rangi vivyo hivyo. Watu wote wa nyumba ile walikuwa na mkono huo. Wakialikwa kula kwa wengine waliunyoosha pia, na wenyeji walidhani wanaomba mkate.

Nyumba ilikuwa katika kisiwa cha Gagarka, ndani ya mto Dvina, na mji wa Arkangelsk ulionekana ng'ambo. Ilijengwa na kiwanda cha mbao kwa magogo ambayo meli za nje ziliyakataa. Ardhi ya kisiwa ni tope tupu, kwa hiyo nyumba zote zilisimamishwa juu ya nguzo za miti, na nguzo hizo zilikuwa na miaka tisini ya kuoza. Nyumba mbili za jirani zilikuwa zimekwisha kuteleza na kukaa chini. Moja iliteleza Jumanne wakati wa chakula cha mchana. Watu wake walimaliza kula kwanza, kisha wakatoka nje kutazama.

Bibi Glafira alikuwa na miaka themanini na minne, na alitaka jambo moja. Alitaka kunywa chai ya bilauri nzima kwenye meza yake mwenyewe.

Njia ilikuwepo. Nyumba iliyoandikwa katika orodha ya nyumba zilizochoka ilibomolewa, na watu wake wakapewa vyumba ng'ambo, vyenye sakafu iliyonyooka. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Ili nyumba iandikwe, ilibidi tume iione kwa macho. Mwenyekiti wa tume, Venedikt Lvovich Korelsky, alikuja mara moja mwezi wa nane. Akanywa chai, akagundua kwamba amesahau ofisini pimamaji la kupimia kama sakafu imenyooka, akaahidi kurudi. Mwezi wa tisa alikuwa likizoni. Mwezi wa kumi ilinyesha. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja na mto umejaa uji wa barafu, mzito mno kwa kivuko na mwepesi mno kwa miguu. Kila mwaka kisiwa hukatika hivyo kwa majuma matatu. Mchoro wa daraja umetundikwa ukutani posta tangu mama yake Ustinya alipokuwa na mimba yake.

Ustinya alipiga simu ofisini. Ilimchukua asubuhi nzima kujipa moyo, kwa kuwa alikuwa mwoga wa watu na sauti yake ilikuwa ndogo. Karani alimjibu kwamba tume haiogelei. Alipouliza orodha nyingine itafunguliwa lini, karani alisema itafunguliwa itakapofunguliwa.

"Basi tutawapelekea nyumba," alisema Bibi Glafira.

Prokopy Shestakov, aliyeishi ghorofani, alikuwa ameshuka kuomba chumvi. Alikuwa rubani mstaafu wa boti za kukokota magogo, na alichotaka kujua ni upepo gani utatumika.

"Shelonik," alisema bibi.

Shelonik ni upepo wa kusini magharibi. Wazee wa pwani ile huuita mwizi, kwa sababu huchukua bila kuomba. Prokopy alifikiri kidogo, akakubali kwamba nyumba nzima haibebwi na upepo mwaminifu.

Kuuita si kazi kubwa. Mama yake Bibi Glafira aliuita mara nyingi, wanaume walipochelewa kurudi kutoka baharini. Mwanamke hushika kijiti na kisu. Hutaja majina ya wanaume wenye vipara, ishirini na saba, na kwa kila jina hukata alama moja. Kisha hukitupa kijiti mtoni kupitia juu ya kichwa chake. Upepo hupenda kipara kwa kuwa hakuna kinachoushika pale.

Jumanne walihesabu dukani, mbele ya foleni ya mkate. Bibi Glafira alianza na Prokopy.

"Mimi sina kipara," alisema Prokopy. "Nina paji refu la uso."

"Paji lako limefika shingoni, Prokopy. Tulia nikate."

Wengine walinuna. Wengine walinuna kwa kuwa hawakutajwa, na mzee mmoja alivua kofia yake mara tatu, akijifanya anasikia joto. Kufikia mkate wa mwisho majina yalikuwa ishirini na sita. Kisiwa kilikuwa kimekwisha. Ndipo Yevlampy mwenye duka, ambaye kichwa chake kiling'aa kama birika jipya, aliinama juu ya kaunta akasema wamhesabu na yeye. Bibi Glafira akakata alama ya ishirini na saba, akaenda kukitupa kijiti mtoni.

Upepo ulikuja mchana. Ulinusa nyumba pande zote nne, ukaiacha, ukanyanyua choo cha uani. Ulikipeleka mpaka katikati ya mto, ukakirudisha, ukakiweka mlango ukitazama ukuta. Bibi Glafira alivaa buti, akaenda moja kwa moja dukani, akampapasa Yevlampy kichwani. Kilikwaruza. Kumbe alikuwa ananyoa kila Jumapili.

"Umenitia aibu mbele ya upepo," alimwambia. Alinunua mshumaa, akaondoka.

Jumatano walikaa jikoni, kila mtu akidaka bilauri yake. Ustinya ndiye aliyejua, ingawa alichelewa kusema. Kwa kuwa hakuweza kuwatazama watu machoni, alikuwa amezoea kuwatazama vichwani.

"Yule wa tume," alisema.

Akaeleza. Mwezi wa nane Korelsky alikaa karibu na dirisha. Nywele zake zilianzia juu ya sikio la kushoto, zikavutwa hadi la kulia. Hewa ilipopenya zilinyanyuka zote kwa pamoja, kama mfuniko wa chungu, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Safi kabisa?" aliuliza bibi.

"Kama yai, Bibi."

Bibi Glafira alikata alama ishirini na saba kwenye kijiti kipya, akalitaja jina la mwenyekiti pamoja na la baba yake ili upepo usikosee, akatoka akakitupa mtoni. Karani alisimulia baadaye kwamba saa ile ile, ng'ambo, Korelsky alivaa kofia yake akauliza nani amefungua dirisha. Madirisha yote ya ofisi yalikuwa yamezibwa kwa karatasi na gundi tangu baridi ilipoanza.

Shelonik ulifika Alhamisi, baada ya chai. Nyumba ilitoka juu ya nguzo zake kama mtu anayevua buti zilizombana, ikapita kwenye shamba la viazi, ikaingia mtoni. Moto ulikuwa unawaka majikoni. Prokopy alikaa dirishani ghorofani akatoa amri. Lifungwe la jikoni, lifunguliwe la ukumbini. Ustinya alikimbia kutoka dirisha hadi dirisha, na nyumba ikageuka kama alivyotaka rubani. Prokopy alisema amewahi kukokota mizigo migumu zaidi, na iliyolalamika zaidi.

Katikati ya mto walikutana na boti ya kuvunja barafu, ikapiga honi. Sheria ya mto inataka honi ijibiwe, kwa hiyo Bibi Glafira alipiga beseni mara tatu. Nahodha aliuliza kwa kipaza sauti kama wana mzigo wa hatari.

"Viazi," alijibu Prokopy, "na Glafira."

Nahodha akawapisha.

Safari ilichukua dakika hamsini. Walitia nanga kwenye ukingo wa mji, mbele ya ofisi ya tume, na kuifunga nyumba kwenye nguzo ya taa kwa kamba ya kuanikia nguo. Mama mmoja aliyekuwa akipita aliuliza kama wanauza samaki. Mzee mwingine alisema utotoni mwake nyumba ya kuogea ilifika hapo hapo na mtu ndani yake, ameshika taulo, naye hakuchangamka kiasi hicho.

Ijumaa saa nne Korelsky aliteremka na pimamaji mkononi. Hakuvua kofia. Aliomba radhi kwa hilo, akasema tangu juzi kichwa chake kinapigwa na upepo, hata akiwa kitandani. Bibi Glafira alimpa pole, akamkaribisha kiti. Kisha akammiminia chai mpaka nusu, akaiweka mezani, akanyoosha mkono tayari.

Bilauri ilitulia.

Korelsky aliweka pimamaji juu ya meza. Kiputo cha hewa kilisimama katikati. Akaliweka dirishani, mlangoni, na chini ya kitanda. Katikati. Akaomba yai, kwa kuwa kanuni zinaruhusu yai, akaliweka sakafuni. Watu wanne walilitazama yai kwa muda mrefu. Halikwenda popote.

"Nyumba imenyooka," alisema Korelsky. Hakufurahi kusema hivyo.

Prokopy alimweleza kwamba kosa ni la maji. Magogo yalikuwa mazima, kilichooza ni nguzo, na nyumba iliyotoka juu ya nguzo mbovu na kuelea haina budi kunyooka.

"Nguzo hizo ziko wapi?" aliuliza Korelsky.

"Zimebaki kisiwani."

"Siwezi kukagua nguzo ambazo hazikuja."

Akaongeza kwamba kuna na jambo la anwani. Karatasi zake zilisema kisiwa cha Gagarka, mtaa wa Kiwandani, namba saba. Hapa ni ukingoni mwa mji, na maji hayana namba.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Ustinya alisimama kutoka kwenye biskuti zake. Mikono yake ilikuwa na sukari ya waridi hadi viwikoni, na safari hii alimtazama mtu machoni.

"Mwezi wa nane ulikaa kwenye kiti hicho hicho," alisema. "Ulikuwa hujajua kudaka. Chai ilikumwagikia gotini. Bibi alikukausha kwa kitambaa cha jikoni. Unajua nyumba yetu ilivyo."

Korelsky alilitazama goti lake.

"Najua, binti," alisema. "Lakini fomu haina mahali pa goti."

Aliandika kwamba amefika, ameona, na kasoro haikuonekana. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, akiishika karatasi kwa mkono wa pili kwa sababu upepo wa kichwani kwake ulitaka kuichukua. Saa sita orodha ilifungwa.

Alipoondoka, Bibi Glafira aliitazama meza. Kisha alichukua bilauri yake, akamimina chai mpaka juu, mpaka ikafanya kilima kidogo mdomoni mwa bilauri, akaiweka mezani na kukunja mikono mapajani. Aliinywa yote. Ustinya alipomuuliza ilikuwaje, alisema ilikuwa nzuri, ila imepoa kabla ya kwisha. Hakuzoea nyingi.

Jumamosi asubuhi mto ulikuwa umeganda. Barafu ilikuwa imeibana nyumba na kuinyanyua pembe moja, na lile yai, lililosahauliwa sakafuni, lilikutwa mlangoni limepasuka. Sasa sakafu ililalia upande wa mji. Ustinya alitembea hatua arobaini hadi ofisini. Aliambiwa kwamba orodha imefungwa, kwamba nyingine itafunguliwa itakapofunguliwa, na kwamba siku hiyo nyumba iwe kwenye anwani yake. Barafu huachia mwezi wa tano. Kijiti kilikuwa kimeganda ndani yake mahali fulani, kwa hiyo hata upepo haukuweza kurudishwa ulikotoka.

Mji uliizoea nyumba. Kondakta wa basi la ukingoni alianza kuita kituo kile Kwa Glafira, na mwezi wa kumi na mbili watu walipanga foleni kwenye barafu kununua biskuti za Ustinya. Wanaume ishirini na sita wa Gagarka walivaa kofia ndani ya nyumba zao, na wake zao wakapumzika kuwaambia wazivue.

Korelsky naye hakuweza tena kula ofisini, kwa sababu karatasi ziliruka. Alianza kuja kwa Bibi Glafira saa saba mchana. Bibi alimfumia kofia ya sufu yenye masikio na kumwekea kipande cha mkate uliojazwa samaki. Prokopy alishuka kumtania, akisema sasa vichwa vyao viko katika orodha moja, na hiyo haifungwi.

Mwezi wa kwanza, siku ya theluji nyingi, Korelsky alilitoa pimamaji mfukoni na kuliweka mezani. Kiputo cha hewa kilikimbilia mwisho wa kioo kikabaki hapo. Alitazama, akatikisa kichwa, akafungua daftari lake kuandika kipimo na tarehe, kwa ajili ya orodha ijayo. Pimamaji likaanza safari. Lilipita kopo la sukari, likampita paa mmoja wa biskuti, likafika ukingoni. Korelsky alinyoosha mkono bila kuangalia, akalidaka, akalirudisha, akaendelea kuandika.

Alipomaliza aliomba chai. Ustinya alimmiminia mpaka nusu.