Mafaili ya Fundi Mara Moja

Watu wanaojua kompyuta wana dawa moja ya magonjwa yote: zima, halafu uwashe. Mganga angempa kila mgonjwa dawa moja hivyo, mtaa mzima ungemcheka. Mtu wa kompyuta akiitoa tunamshukuru, tena tunamwomba radhi kwa kumsumbua. Ndivyo fundi cherehani mmoja alivyokuwa akimwomba radhi binti yake kila alipompigia simu.

"Injinia, samahani, nakusumbua tena. Yale mafaili bado hayafunguki."

"Umezima ukawasha, baba?"

"Nimezima, nimewasha."

"Basi utakuwa umebonyeza kitu. Nitakuja niangalie."

Na haji. Huyo binti hakuwa injinia wa chochote. Alikuwa na meza katika ofisi kubwa ya mjini, kazi yake kuwafungulia wenzake mafaili yaliyogoma na kuwarudishia yaliyopotea, na kazi hiyo aliijua vizuri. Jina la Injinia alipewa na baba yake, nusu utani, nusu fahari, na fundi alilitamka kwa sauti ya juu kidogo kila palipokuwa na mteja dukani.

Fundi naye alikuwa na jina lake. Mtaani walimwita Mara Moja, kwa kuwa hakuwahi kumpima mteja mara mbili. Ukishapimwa, umepimwa. Ukinenepa, yeye anakutazama tu unavyoingia mlangoni, anaongeza kidogo hapa na pale kwenye kitambaa, na nguo inakukaa kama umezaliwa nayo. Wenye wivu walisema ana dawa. Hakuwa na dawa, alikuwa na kumbukumbu. Zamani kumbukumbu hizo ziliishi katika madaftari yenye alama za meno ya panya, mpaka Injinia alipomshawishi azihamishie kwenye kompyuta. Akamfundisha majedwali: kila familia faili lake, kila mtu mstari wake, kifua, kiuno, bega, mkono, na pembeni nafasi ya maneno. Fundi alichapa yote kwa kidole kimoja, miwani ikimteleza puani. Na kwenye ile nafasi ya maneno ndiko alikomwaga ufundi wake. Huyu bega la kushoto limeshuka. Huyu anapenda suruali ipumue. Huyu hulivuta tumbo ndani akipimwa, usimwamini. Alipomaliza, Injinia akayachoma madaftari kwa mkono wake mwenyewe, akisema panya watafute chakula kingine.

Kompyuta ile ilipozeeka, Injinia alimletea baba yake mpya. Alihamisha mafaili haraka haraka, maana siku hiyo alikuwa na shughuli nyingine na gari lilimngoja nje likipiga honi. Ya zamani akaondoka nayo. Kesho yake fundi akapiga simu ya kwanza, kwamba mafaili hayafunguki. Siku hiyo kompyuta ya zamani ilikuwa bado chini ya meza ya Injinia ofisini, inagusana na viatu vyake. Akamwambia baba yake azime awashe. Baadaye akaisafisha ile kompyuta na kumpa mwenzake wa ofisini, awapelekee watoto wake.

Simu iliyomwondoa mjini hatimaye ilikuwa ya mama.

"Baba yako ameacha kukata nguo," mama alisema. "Njoo. Na usiniambie nizime niwashe."

Injinia alifika Jumamosi asubuhi. Duka la fundi lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: mashine dirishani ili ipate mwanga, meza ya kukatia yenye makovu ya mkasi, pasi, na benchi la wateja lililong'aa kwa kukaliwa. Kwa kawaida meza ile huioni kwa vitambaa. Leo ilikuwa tupu, imefutwa vumbi, na chaki zimepangwa pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Injinia. Umekonda. Mjini hawali?" Alicheka kidogo, lakini cheko lenyewe lilikuwa la kuazima. "Njoo uone madhambi yangu."

Akamsogezea kiti, yeye akasimama nyuma yake na kikombe cha chai mkononi.

Injinia akabonyeza faili la kwanza. Kompyuta ikasema haikioni kitu inachotakiwa kukifungua. Akabonyeza la pili, jibu likawa lile lile. Akavuta kiti mbele kama afanyavyo ofisini, tayari kutafuta ugonjwa: pengine programu ni ya zamani, pengine faili limeumia. Ndipo macho yake yakatua kwenye kona ya picha ya faili, kwenye mshale mdogo uliojikunja. Akatazama la jirani yake. Mshale. La chini yake. Mshale. Yote yalikuwa na mshale.

Mshale ule maana yake anaijua hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Hilo si faili, ni kibao tu cha kuonyesha njia ya kwenda kwenye faili. Vibao vile alivitengeneza yeye mwenyewe kwenye kompyuta ya zamani, ili baba asihangaike kutafuta. Na siku ya kuhama, kwa ile haraka yake, alibeba vibao akaacha nyumba. Hakufungua hata kimoja kujaribu. Kisha nyumba zenyewe, pamoja na kila bega lililoshuka na kila tumbo lisiloaminika, akazifuta kwa mkono wake. Kosa lile angelifanya mtu wa ofisini kwake, lingekuwa kichekesho cha mwezi mzima, na yeye ndiye angekuwa wa kwanza kulisimulia.

Masikio yakamwaka moto. Alishukuru kwamba baba yupo nyuma yake, haoni uso.

"Nimeharibu nini?" fundi aliuliza taratibu.

Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na aliyeufungua ni baba mwenyewe. Lakini aibu ina ulimi wake, na husema kabla mwenye ulimi hajaamua.

"Yamefutika, baba," Injinia alisema. "Utakuwa umebonyeza mahali bila kujua. Hutokea, hasa kwa..." Akaishia hapo.

"Kwa wazee," fundi akammalizia. "Ndiyo. Nilijua tu." Akaweka kikombe mezani bila kukinywa, akamgusa bega. "Usijilaumu, mwanangu. Wewe ulinifundisha vizuri."

Akatoka nje. Injinia akabaki anaitazama ile mishale, na maneno yale, usijilaumu, yamemkaa kooni mithili ya mwiba wa samaki.

Alijaribu kuokoa jahazi kimya kimya. Alimpigia yule mwenzake wa ofisini, akamwomba aangalie kama kuna chochote kilichobaki ndani ya ile kompyuta. Mwenzake akacheka.

"Kwani wewe huachaga kitu? Uliiosha mpaka ikawa kama imetoka dukani."

Ilikuwa kweli. Aliisafisha kwa programu inayofuta ikarudia kufuta, kwa sababu anajivuna kwamba yeye hafanyi kazi nusu nusu. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na haya aliyamwaga kwa ustadi.

Akaenda jikoni. Mama alikuwa anamenya viazi, hakuinua macho.

"Yanafunguka?"

"Hayafunguki, mama. Yamepotea."

"Ni yeye?"

Injinia akachukua kisu cha pili na kiazi, akaanza kumenya. Mama aliuhesabu ukimya ule kuwa jibu. Akapumua.

"Basi ni kweli anachokiogopa. Unamkumbuka babu yako? Alianza kwa kusahau alikoweka mkasi, akaishia kuniita mimi shangazi yake. Tangu mafaili haya yakatae, baba yako anasema ya babu yako yamemfika. Alfajiri namsikia anajihoji kitandani, anataja majina ya majirani mmoja mmoja kuona kama wote bado wamo. Juzi aliacha ufunguo mlangoni, kitu ambacho hata mimi nafanya, akakaa chini akalia. Nikamwambia, mngoje mtoto aje, huenda ni kompyuta tu. Akasema sawa. Injinia akisema si mimi, nitaamini."

Kiazi kikamponyoka Injinia kikadumbukia kwenye maji.

"Na leo?" aliuliza. "Mbona meza ni tupu?"

"Fundi mwenzake, Sindano, anakuja kuchukua mashine. Baba yako anasema afadhali aiache akiwa na akili za kuiaga."

Ajabu ya aibu ni kwamba hata hapo, na habari yote anayo, Injinia bado alitafuta kichaka. Alifikiri kumwambia baba ni virusi. Alifikiri kusema umeme ulikatika vibaya. Alifikiria hata kuzungumza naye faragha baada ya chakula, polepole, kwa namna ambayo kosa lingetawanyika lisimwangukie mtu. Alikuwa anatafuta namna ya kukiri bila kukiri, na watu wa aina yake wana maneno mengi ya kazi hiyo. Kabla hajachagua uongo, sauti ya Sindano ikasikika mbele.

Sindano alikuwa fundi wa mtaa wa pili, mwembamba wa kustahili jina lake, mshindani wa Mara Moja tangu ujana wao. Walikuwa wametukanana kwa mapenzi miaka yote hiyo. Leo hakutania. Alikuwa amesimama kando ya mashine na mikono nyuma, kama mtu aliyekuja msibani.

"Shikamoo, mjomba," Injinia alimwamkia.

"Marahaba, Injinia. Afadhali upo. Mwambie mzee wako aache mambo haya."

"Haachi mtu kitu," fundi alisema. Alikuwa amepiga magoti, anafungua mkanda wa mashine. "Tazama, Sindano, hii ina deko. Ukiikanyaga kwa hasira inakata uzi. Na kitambaa kizito uipe nafasi ipumzike." Mkono wake ukasita juu ya gurudumu. "Kulikuwa na lingine la kukwambia. Limenitoka. Unaona? Ndiyo hayo."

Sindano akatazama pembeni. Fundi bado alikuwa sakafuni, anakuna kipaji cha uso, analitafuta neno, na woga ulioonekana usoni pake Injinia hakuwahi kuuona pale.

"Baba, si wewe," alisema.

"Si mimi nini?"

"Mafaili. Hukuyafuta wewe. Nimeyafuta mimi."

Mama alikuwa ametokea mlangoni, mikono inachuruzika maji. Fundi akainuka kwa kushikilia meza.

"Hebu rudia."

"Siku niliyokuletea hii kompyuta sikuhamisha mafaili. Nilihamisha alama zake tu, sikuangalia, nilikuwa na haraka. Mafaili yalibaki kwenye ile ya zamani, nami nikaisafisha. Hayapo tena, baba. Hukubonyeza kitu."

"Mimi sikubonyeza kitu."

"Hukubonyeza chochote."

"Kichwa changu hakikufanya kitu."

"Kichwa chako ni kizima, baba."

Fundi akaketi kwenye benchi la wateja, mahali ambapo yeye hakai kamwe. Akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kumtikisika, na Injinia akadhani analia. Alikuwa anacheka, na analia pia. Mama akaja akakaa karibu naye.

"Umesikia, mke wangu? Mafaili yote yamekwenda na kichwa kimebaki. Sindano, funga huo mkanda, urudi kwako. Wateja nitawapima upya wote, wanicheke wakitaka, waniite Mara Mbili."

Sindano akatoa pumzi ndefu. "Nilikuwa nimeshasafisha pa kuiweka," alisema, na utani ukaanza kumrudi. "Umenitia hasara."

Wakacheka wote watatu. Injinia alisimama pale pale katikati ya chumba, machozi yakimtiririka. Alikuwa amejitayarisha kwa matusi. Alitamani hata yaje, kwa maana furaha ile ya baba yake ilikuwa inampima kwa kipimo asichokiweza. Fundi akamnyooshea mkono.

"Ahsante, mwanangu. Umeniondolea mzigo. Njoo." Kisha, kama mtu anayeuliza tu ili mazungumzo yaendelee: "Umeligundua saa ngapi?"

Angeweza kusema sasa hivi. Nani angejua? Neno lilikuwa jepesi, lilikuwa tayari mdomoni.

"Asubuhi," alisema. "Ulipokuwa nyuma yangu na chai."

Mkono wa fundi ukabaki hewani.

"Kabla hujaniambia nimeyafuta?"

"Kabla."

Hakuna aliyecheka tena. Fundi aliushusha mkono wake, akauweka juu ya goti, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Mimi nimekaa pale nje, chini ya dirisha hili," alisema polepole, "nawaza nitakavyosahau jina lako. Na wewe ulikuwa humu ndani unajua."

Hakupandisha sauti. Aliinuka, akarudi kwenye mashine, akapiga magoti kando ya Sindano, na wazee wale wawili wakaanza kuurudisha mkanda mahali pake. Mama alirudi jikoni kwenye viazi vyake. Injinia alitaka kumfuata, akashindwa kujua kama safari hii atapewa kisu cha kumenyea.